MGENI WA BAHARI NI NANI?

Harufu ya changu anayekaangwa haifichiki, hata awe amesafirishwa kilomita 500 ndani ya sanduku la barafu. Niliinusa jioni moja, baina ya Alasiri na Maghribi, nikitoka barabara ya Mbagathi kuingia mtaa wa Nyayo Highrise, pale majumba ya ghorofa yanapotazamana na mabati ya Kibera. Nikaifuata kama mtoto anayefuata matwari. Mwisho wa harufu ile nilimkuta mzee wa miaka sitini na ushei, kikoi kimemkaa vizuri, kofia ya viua kichwani, ameinama juu ya karai la mafuta akigeuza samaki kwa mkono usio na papara.

Mbele yake ubaoni palikuwa na mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la changu watatu wa baharini. La pili ngege wa ziwani. La tatu lilikuwa rundo la mgongo wazi, yaani mbuta aliyebaki kichwa, mifupa na mkia, baada ya viwanda kumvua minofu yake na kuipeleka ng'ambo. Wanunuzi karibu wote waliulizia fungu la tatu, maana ndilo la bei ya mtu wa kibarua. Changu walikuwa wamelala tu, wananitazama.

"Hao ni wako, shekhe," akaniambia baada ya salamu. "Nawaweka kwa ajili ya watu wa pwani wanaopita. Wasipopita nala mwenyewe."

Majirani humwita Nahodha. Nilidhani ni utani tu, kwa kuwa Nairobi mtu hupewa cheo kwa sababu ya kofia yake. Kumbe mzee huyu alikuwa nahodha kwelikweli, mwenye kushika usukani wa mashua, mzaliwa wa karibu na Shimoni, na wazazi wake walivuka kutoka Pemba. Nikamwuliza ilikuwaje mtu aliyezoea tanga akaishia kwenye karai. Akacheka.

"Kwetu kazi hii ni ya mama karanga," alisema. "Basi mimi ndimi baba karanga. Bahari sikuikimbia, mwanangu. Niliambiwa nilete kitambulisho."

Nilikaa kwenye kibao chake hadi giza likaingia, na haya niandikayo leo yalianzia hapo. Habari za leseni za uvuvi, na ada wanazotozwa wageni, aghalabu huandikwa katika kurasa za biashara, pamoja na tani na dola. Lakini kwetu sisi watu wa mwambao ni habari ya mila pia, kwa sababu kabla ya serikali kumwuliza mvuvi ametoka wapi, wazee wetu walikuwa wamekwisha kumwuliza.

DAGO

Kila mwaka kusi linapopunguza ukali, wavuvi wa Pemba, Tumbatu na Unguja hupakia vyombo vyao nyavu, mapipa ya maji, unga, sufuria na mikeka, wakaelekea pwani ya Kenya. Hufika Vanga, Shimoni, Gazi, Mayungu na Ngomeni, na wengine hupita hadi visiwa vya Lamu. Huko hupiga kambi ufukweni miezi yote ya kaskazi, wakati bahari imelala na maji yameng'aa. Karibu na Machi, kabla masika hayajaanza kunguruma, hurejea kwao na pesa na ng'onda. Kambi hiyo ndiyo dago, na safari yenyewe huitwa kwenda dago. Wala si Wapemba peke yao. Wabajuni wa Kizingitini na Kiunga nao wamekuwa wakiteremka kusini tangu enzi za mababu.

Nahodha alinisimulia jinsi babake alivyokuwa akiingia katika mji wa watu. Chombo kilitia nanga, lakini nyavu hazikuguswa. Nahodha alishuka peke yake, au na mtu mzima mmoja, akaenda kwa wazee wa mji. Alitoa salamu, akataja jina lake, jina la babake na mji aliotoka. Akaeleza amekuja na mabaharia wangapi na wanavua kwa zana gani, kama ni mshipi, malema au jarife. Wazee walimwonyesha pa kujenga banda na kisima cha kuteka maji. Walimwambia pia mwamba upi una wenyewe, na wapi pasitupwe kitu. Katika samaki wa mwanzo, wazee walipelekewa kitoweo. Mji ukitoa sadaka ya bahari, mgeni alichanga kama mwenyeji. Asiyefanya hayo hakufukuzwa kwa marungu, ila alikosa mtu wa kumwuzia maji, na siku akipata ajali hapakuwa na wa kumsukumia chombo.

Tazama vizuri, ndugu msomaji. Mle ndani mna kuandikishwa, mna ukaguzi wa zana, mna mipaka ya maeneo ya kuvua, na mna ada ya mgeni. Kilichokosekana ni karani na muhuri tu. Na anayesema kwamba bahari yetu haikuwa na utawala mpaka serikali zilipokuja na boti za doria, hajapata kukaa jamvini na wazee wa Wasini.

Sisemi kwamba siku zile zilikuwa za asali. Palikuwa na ugomvi wa nyavu, palikuwa na kuibiana malema, na wazee wengine walikula kitoweo cha mgeni bila kumpa haki yake. Lakini mgeni alijua ni mlango gani wa kubisha hodi.

BENDERA NYEKUNDU

Tena mgeni yule hakuwa mgeni sana. Tangu mwaka 1895 Waingereza waliutawala ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, wakimlipa kodi ya kila mwaka, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Fort Jesus, Mombasa. Mtu wa Wete au Mkoani aliyevuka mkondo wa Pemba akashukia Shimoni alikuwa ametoka upande mmoja wa milki ya Sultani akaingia upande wa pili. Nani angemwita mhamiaji?

Tarehe 8 Oktoba, 1963 mkataba ulitiwa sahihi ukanda ule uwe sehemu ya Kenya. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba mwaka huo, Kenya tarehe 12 Desemba, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari, 1964, yakatokea Mapinduzi Unguja. Watu wa Pemba waliokuwa wamejenga na kuoa na kuzikana katika pwani ya Kenya walibaki hapo walipo. Wengine waliongezeka wakikimbia misukosuko ya visiwani.

"Baba alilala raia wa Sultani, akaamka mgeni," alisema Nahodha. "Na mashua haikuwa imesogea hata pima moja."

(Kibera nako kuna mtaa uitwao Fort Jesus, mwendo mfupi kutoka pale karaini. Hauna mizinga wala bendera, na watoto wengi wa mtaa huo hawajaiona bahari. Nilipomtajia Nahodha, alisema hiyo ndiyo Fort Jesus pekee ambayo hakuna askari aliyewahi kumwuliza alikotoka.)

Mambo hayakusimama hapo. Mwaka 1976 Kenya na Tanzania ziliafikiana juu ya mpaka wao wa baharini, mstari unaopita katika mkondo ule ule ambao mabaharia walikuwa wakiuvuka kwenda arusini. Tarehe 28 Februari, 1979 Kenya ikatangaza kuwa mali yote ya baharini hadi maili 200 kutoka pwani ni yake, na dunia nzima ikaja kuikubali kanuni hiyo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Kenya iliuridhia mwaka 1989. Kwa hesabu hiyo Kenya ina maji ya kilomita za mraba zaidi ya 140,000. Bahari ambayo wazee waliijua kwa miamba, mikondo na nyota, sasa ilikuwa na mistari ya kalamu.

KARATASI

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1989 ilimtaka kila mvuvi awe na leseni na kila chombo kiandikishwe. Mwaka 2007 zikaja kanuni za kamati za usimamizi wa fukwe, zile zinazojulikana na kila mtu kwa jina la BMU, ambazo zilitaka wavuvi, wenye vyombo na wachuuzi wa kila bandari ndogo wajiandikishe katika kamati yao. Mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria mpya ya usimamizi na ustawi wa uvuvi, iliyounda Shirika la Huduma za Uvuvi. Na kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 iliwapa magavana kazi za uvuvi wa majimboni, ilhali haki za uvuvi na maji ya kina kirefu zikabaki kwa serikali kuu, mvuvi akapata wakubwa wawili pahali alipokuwa na mmoja.

Mimi si katika wale wanaolaani leseni. Bahari isiyo na mlinzi huliwa na mwenye tamaa. Juya liliburura matumbawe na kukokota samaki wasiofika kidole, na serikali ilifanya vyema kulipiga marufuku mwaka 2001 pamoja na bunduki za kuvulia. Nyavu za kuzungushia, ambazo mabaharia ishirini au zaidi huziteka baharini kwa pamoja na ambazo wageni kutoka Pemba walikuwa mstari wa mbele kuzitumia, zimeleta ugomvi mkubwa Vanga, Gazi na kwingineko. Mwenyeji wa mtumbwi na mshipi akiona kundi zima la samaki limebebwa kwa mzunguko mmoja mbele ya macho yake, ana haki ya kulia. Malalamiko ya wenyeji yasidharauliwe eti kwa sababu tunawapenda wageni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nao wenyeji wa Gazi wanasema huyu hakuchukua jembe, amechukua shamba.

Lakini hayo ni mashauri ya zana, na zana hukaguliwa. Shida ya Nahodha ilikuwa nyingine kabisa. Yeye alikuwa na malema na mshipi kama wenzake. Ada ya leseni ya mvuvi mdogo haikuwa kitu cha kumtisha. Ilikuwa pesa ya kilo chache za vibua. Alipokwenda katika ofisi moja ya pwani akiwa na pesa mkononi, aliulizwa kitambulisho cha taifa. Akasema hana. Akaambiwa alete cha babake. Babake alikuwa na nini zaidi ya jina lake na kaburi lake?

Basi ikawa mnyororo. Asiye na kitambulisho hakuandikishwa ufukweni. Asiyeandikishwa hakupata leseni. Asiye na leseni, samaki wake ni wa magendo, hata kama amewavua mbele ya mlango wa mamake. Wavuvi wengi wa asili ya Pemba, Kwale na Kilifi, walijifunza kutoka usiku na kurudi kabla jua halijachomoza. Usiku ni wakati mzuri kwa mvuvi wa taa anayependa usiku, lakini si kwa mtu anayeogopa boti ya doria kuliko anavyoogopa dhoruba. Wakifika pwani waliuza kwa tajiri mwenye leseni, na bei ilikuwa ya tajiri.

"Mashua niliinunua mimi," Nahodha alisema, akikung'uta mafuta kwenye kijiko chake. "Mbao nilichagua mimi, fundi nilimlipa mimi. Lakini iliandikwa kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu mimi sikuwa na jina la kuandikwa. Tulikaa vizuri miaka. Siku tuliyogombana nikashuka na kikoi changu."

Sikumwuliza mtu huyo ni nani, naye hakusema. Mpwa wake aliyeolewa Kibera ndiye aliyemwita Nairobi.

MELI ZISIZOONEKANA

Sasa, msomaji, tuache ngalawa tutazame mbali, nje kabisa ya miamba, mahali ambapo mvuvi wetu hafiki. Huko hupita jodari, na jodari hufuatwa na meli za chuma. Nyingine ni za Hispania na Ufaransa, zenye nyavu zinazoweza kuzunguka kundi zima kwa mara moja. Nyingine ni za Taiwan, China, Japani na Korea, zinazoshusha zulumati yenye urefu wa maili nyingi na ndoana kwa maelfu. Hizi nazo ni za wageni. Nazo hutakiwa kuwa na leseni.

Sheria ya Bahari ya mwaka 1982 inasema nchi isiyoweza kuvua yenyewe samaki wake wote inaweza kuwaruhusu wengine wavue ziada, na inaweza kuwatoza ada. Ndivyo Kenya ilivyofanya kwa miaka mingi. Meli inaomba leseni, inalipa kwa dola, inabeba kifaa cha kuonyesha kwa setilaiti mahali ilipo, na kuandika inachovua. Hesabu za samaki hupelekwa kwa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Ushelisheli, na Kenya ni mwanachama tangu 2004. Huko huko Victoria ndiko nyingi za meli za nyavu hushusha jodari wao. Mtoto wa Shimoni anaweza kuzeeka bila kuiona meli hiyo, wala samaki wake, wala yule anayeila.

Karatasi za meli hiyo hazikosi hata moja. Ina wakala mjini, ina wakili, ina nchi ambayo bendera yake inajulikana. Kwa sababu hiyo mgeni wa mbali aliingia kwa mlango wa mbele, na jirani aliyekula nasi daku akabaki nje anapapasa kufuli. Sidhani kwamba kuna ofisa aliyekaa akapanga iwe hivyo. Sheria ilitunga swali moja kwa wote, nalo lilikuwa: karatasi zako ziko wapi?

Na wale wasio na karatasi kabisa lakini wana meli kubwa? Ndugu zetu wa Tanzania wana kisa chao, ambacho hata watoto wanakijua kwa jina la samaki wa Magufuli. Machi mwaka 2009 meli iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika maji ya kina kirefu ya Tanzania ikivua bila leseni, na tumboni mwake mlikuwa na karibu tani 300 za samaki. Wakati huo John Magufuli alikuwa waziri wa mifugo na uvuvi. Samaki wale walishushwa Dar es Salaam wakagawiwa taasisi mbalimbali, na watu wengi waliwala kwa shangwe ya kula kitu kilichorudishwa na mwizi. Kesi iliendelea miaka. Washtakiwa wawili walihukumiwa mwaka 2012, wakakata rufani, na mwaka 2014 wakaachiwa. Kuikamata meli ni kazi ya siku moja. Kuisimamisha kesi yake ikasimama ni kazi nyingine.

Tanzania ilijifunza pia kwamba ada ina ncha mbili. Leseni za bahari kuu huko hutolewa na mamlaka moja kwa pande zote mbili za Muungano, makao yake Zanzibar. Ulipowekwa mrabaha wa dola 0.4 kwa kila kilo ya samaki juu ya ada ya leseni, wenye meli wengi hawakuja tena kuomba, na mrabaha ule ukaja kuondolewa. Mgeni wa mbali akipandishiwa bei huhamia bahari nyingine. Wa dago huhamia wapi?

Kenya nayo imeongeza macho. Novemba 2018 kikosi cha walinzi wa pwani kilizinduliwa Liwatoni, Mombasa, na kabla yake ilinunuliwa meli ya doria iitwayo Doria. Ni hatua njema. Ila boti ndogo ya doria humkuta kwanza aliye karibu, na aliye karibu ni mwenye ngalawa.

Nisimsahau mgeni wa tatu, ambaye ni wa kufurahisha zaidi. Huyu ni mtalii na fimbo yake ya kuvulia. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alikuja kuvua Malindi mwaka 1934, na tangu hapo sulisuli na nduaro wa Malindi, Watamu na Shimoni wamewavuta matajiri wa dunia. Mtalii hukata leseni yake ya uvuvi wa mchezo kupitia mwenye boti, akapigwa picha na samaki wake, akarudi hotelini kabla ya adhuhuri. Pasipoti yake ndiyo neno la mwisho. Nahodha aliwahi kuwa baharia wa boti kama hizo. Alimwonyesha mgeni mahali samaki walipo, katika mkondo ambao babake aliuvuka kwa tanga. Mgeni alikuwa na leseni ya kuvua pale. Mwenye kumwonyesha hakuwa nayo.

MAJIRANI

Tulipofika hapo katika mazungumzo, mama wa makamo auzaye omena meza ya pili alidakia. Yeye ni mtu wa ziwani, kutoka upande wa Homa Bay. "Hata wanaume wetu hulipa," alisema. "Uliza habari za Migingo." Naam, Migingo ni kijisiwa kisichotimia ekari moja katika Ziwa Viktoria, na wengi wa wakaaji wake ni wavuvi wa Kenya. Mwaka 2009 kiliziletea Kenya na Uganda ugomvi mkubwa, wakati wavuvi walipolalamika kwamba polisi wa Uganda wanawatoza vibali. Kwa hiyo katika ubao ule mmoja wa Nyayo Highrise palikuwa na samaki wa maji mawili, na kila mmoja alikuwa amepita chini ya mkono wa mtu anayeuliza: wewe ni wa wapi?

Baadaye akaja mzee wa Kinubi, ametoka kuswali Alasiri upande wa Makina. Alikaa bila kukaribishwa, kama wakaavyo wenyeji, akapewa changu wa kwanza bila kuagiza. Kama kuna mtu Kibera anayejua maana ya swali hilo ni huyu. Wanubi waliletwa na jeshi la Waingereza, wakapewa msitu huo mwanzoni mwa karne iliyopita, nao wakauita Kibra. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitengwa rasmi kwa ajili yao. Yakaja mashirika ya nyumba, zikaja barabara, yakaja majumba kama haya ya Nyayo Highrise, na Juni mwaka 2017, baada ya karne nzima, walipewa hati ya ekari 288. Kwa miaka mingi vijana wao waliotaka kitambulisho walipelekwa mbele ya kamati za kuwachunguza, wakidaiwa karatasi za babu. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi katika jambo hilo.

"Sisi tulikuwa wageni wa msitu," alisema yule mzee, akichambua mfupa. "Hawa ni wageni wa bahari. Msitu umekwisha, bahari bado ipo."

Upepo wa karatasi umegeuka kidogo miaka ya karibuni. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuja Nairobi kudai uraia, na baadaye wakapewa vitambulisho. Ikaja zamu ya Wapemba. Mwaka 2023 serikali iliwatambua kuwa jamii mojawapo ya Kenya, watu wapatao 7,000, na tarehe 28 Julai mwaka huo Rais William Ruto akaenda Kilifi kuanzisha kazi ya kuwapa vitambulisho. Nahodha alipanda basi kwenda kwao kujiandikisha. Kitambulisho chake amekitia ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya kitambaa. Alifuta mafuta mikononi mara tatu kabla ya kukifungua anionyeshe.

Nikamwuliza kama sasa atarudi. Alitaja hesabu bila kufikiri, kama mtu aliyekwisha kuipiga usiku mwingi. Pesa anaweka katika kopo la samli. Zikitimia za nyavu, atateremka na kaskazi, ajiandikishe kwenye BMU, akate leseni kwa jina lake. Mashua hana tena, itambidi aanze kama baharia wa mtu, achukue fungu moja kama kijana. Macho si yale ya zamani. Mpwa wake hataki aende.

Kisha akaleta jambo ambalo sikulitarajia. Jamaa zake wa Pemba, wana wa ami yake, wamemletea salamu kwamba msimu ujao wanakuja dago, na wamesikia kwamba yeye sasa ni Mkenya. Wanataka awapokee. Hao si watu 7,000 wa mwaka 2023. Ni Watanzania wenye pasi zao, watakaokuja na kurudi. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lakini kupita mpakani ni jambo moja na kutupa nyavu ni jingine. Kwa sheria, chombo kisicho cha Kenya ni cha kigeni, kiwe ngalawa ya Pemba au meli ya chuma ya Taiwan.

"Watakuja kwangu kubisha hodi," alisema. "Mimi ndiye mzee wa mji sasa. Wakiniletea kitoweo nikala, halafu boti ya doria ikawakamata, nitakuwa nimekula nini?"

Nilimwambia aende nao kwa ofisa wa uvuvi kabla ya nyavu kuguswa, ataje majina yao na zana zao, na aombe aelezwe kwa maandishi ni kibali gani wanachohitaji na ada yake ni kiasi gani. Akatikisa kichwa, akasema ndivyo babake alivyofanya, ila ofisa yule wa zamani alikuwa na ndevu nyeupe na alikuwa akiketi chini ya mkwaju.

Adhana ya Maghribi ilisikika kutoka Makina. Mzee wa Kinubi alinyanyuka, akanawa mikono. Nahodha alinifungia changu wawili katika gazeti, nikatoa pesa za watatu, akanirudishia za mmoja. Wa tatu, alisema, ameshaliwa na mwenyeji.